Springi au Upepo? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Shokapu za Pikipiki ya Theluji ya Milimani

Pikipiki ya theluji ya milimani (snowmobile) hubebwa na shokapu nne: mbili za skii mbele, moja ya katikati inayosukuma sehemu ya mbele ya mkanda, yaani ule mkanda mpana unaozunguka na kuisukuma mashine juu ya theluji, na moja ya nyuma ya mkanda. Hakuna sheria inayosema zote nne ziwe za aina moja. Ukilishika hilo tangu mwanzo, nusu ya ubishi wa springi na upepo unaisha wenyewe, kwa sababu kazi ya shokapu ya skii na kazi ya shokapu iliyozikwa ndani ya mkanda hazifanani.

Anayetaka jibu la haraka nitamwambia hivi: mkandani weka springi. Mbele chagua upepo ikiwa uko tayari kushika pampu kila asubuhi na una sababu ya kweli ya kuutaka. Ikiwa huna sababu hiyo, weka springi kote. Sehemu iliyobaki ya mwongozo huu inaeleza kwa nini, na namna ya kujua kama wewe ni miongoni mwa wale ambao upepo unawafaa.

Kinachobeba na kinachozuia

Ndani ya kila shokapu mna kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kubeba uzito na kuurudisha juu baada ya kubonyea. Ya pili ni kuzuia mwendo huo usiwe wa kurukaruka ovyo. Kazi ya pili hufanywa na mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo na vibati vyembamba vya pistoni. Nyuma ya mafuta hayo kuna chemba ndogo ya naitrojeni yenye shinikizo kubwa, ambayo huyazuia yasitoe povu yanapopigwapigwa.

Tofauti ya springi na upepo iko kwenye kazi ya kwanza tu. Katika shokapu ya springi, uzito unabebwa na koili ya chuma iliyozunguka nje. Katika shokapu ya upepo, koili imeondolewa na badala yake kuna silinda iliyofungwa kwa sili za mpira, yenye hewa uliyoijaza wewe kwa pampu. Mafuta na naitrojeni vipo kwenye zote mbili. Kwa hiyo ukisikia mtu akilalamika kwamba shokapu zake za upepo zinamtupa juu baada ya kila tuta, usikimbilie kulaumu upepo. Mara nyingi mafuta yamechoka, au kirekebishi cha kurudi, kile kinachopunguza kasi ya shokapu kunyooka, kimefunguliwa mno, na hata angefunga springi leo angerushwa vilevile.

Springi: namba moja tangu juu hadi chini

Springi ya kawaida ina ugumu usiobadilika. Ikiwa imeandikwa 20 N/mm, kila milimita inayobonyea inadai nguvu ya niutoni 20. Milimita 10 za kwanza zinahitaji niutoni 200, yaani uzito wa kilo 20 hivi, na milimita 10 zinazofuata zinaongeza 200 nyingine, vivyo hivyo hadi mwisho. Springi nyingi za Marekani huandikwa kwa pauni kwa inchi. Pauni 100 kwa inchi ni sawa na takriban 17.5 N/mm.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Kuikaza springi kwa kuzungusha nati ya juu hakuifanyi iwe ngumu zaidi. Ukiibana springi ya 20 N/mm kwa milimita 10, umeiambia tu isianze kubonyea hadi niutoni 200 zifike. Baada ya hapo inabonyea kwa ugumu uleule wa 20. Mkazo wa awali unabadilisha kimo cha mashine, na ugumu unabadilishwa kwa kufunga springi nyingine. Ukijikuta unakaza na kukaza ili tu mashine isikae chini, springi hiyo ni laini kwa uzito wako na dawa yake haimo kwenye nati.

Faida kubwa ya springi ni kwamba inaanza kufanya kazi mara moja. Hakuna sili kubwa za kusugua, kwa hiyo inajibu hata kwa vimatuta vidogo. Katikati ya safari yake, yaani umbali wote inaoweza kubonyea, inakushikilia vizuri, haizami. Na asubuhi ya nyuzijoto 30 chini ya sifuri iko vilevile kama ilivyokuwa gereji. Hasara zake ni uzito, na kwamba mwenye kilo 65 na mwenye kilo 105 hawawezi kuelewana juu ya springi moja.

Upepo: laini katikati, mkali mwishoni

Hewa iliyofungwa ina tabia yake. Ukiibana polepole hadi nusu ya ujazo wake, shinikizo halisi linakuwa maradufu. Ukiibana hadi robo, linakuwa mara nne. Tuchukue shokapu iliyojazwa psi 70 (pauni kwa inchi ya mraba) kwa geji. Geji haihesabu hewa ya nje, ambayo usawa wa bahari ni psi 14.7, kwa hiyo shinikizo halisi ndani ni karibu 85. Chemba ikibanwa hadi nusu, linafika 170. Ikibanwa hadi robo, 340. Tazama hesabu hiyo vizuri: nusu ya kwanza ya ujazo iliongeza psi 85 tu, na robo iliyofuata ikaongeza 170. Pigo la haraka hupandisha zaidi ya hapo, maana hewa inayobanwa ghafla hupata joto.

Kwa dereva, maana yake ni kwamba shokapu ya upepo ni laini mwanzoni na katikati, kisha inakuwa kali sana karibu na mwisho. Anayeruka kutoka kwenye kingo za theluji na kutua kwa kishindo ataipenda tabia hiyo, kwa sababu mashine haigongi chini kirahisi. Lakini anayepita njia ndefu yenye matuta ataiona mashine ikizama na kukaa katikati ya safari, mahali ambapo springi ingemwinua. Watengenezaji wanalijua hilo. Kwenye shokapu zao za FLOAT, watengenezaji wa shokapu FOX waliongeza chemba ya pili inayoitwa EVOL, ili uweze kurekebisha ukali wa mwishoni peke yake bila kugusa chemba kuu. Ukinunua shokapu za upepo kwa ajili ya milima, mimi ningekataa zisizo na chemba hiyo ya pili au kitu kinachofanana nayo. Chemba moja inakulazimisha kuchagua: ama mwanzo mlaini na kugonga chini, ama kutogonga chini na mwanzo mgumu.

Faida nyingine ni wepesi. Kuondoa koili za chuma kwenye mashine nzima kunapunguza kilo kadhaa, na kwenye mashine ya takriban kilo 200 kabla ya mafuta, inayotakiwa kuelea juu ya theluji laini, kilo kadhaa zina maana. Zinasikika zaidi mbele, unapoivuta mashine ilale upande mmoja ili ukate mteremko kwa ubavu. Koili za titani hupunguza sehemu ya pengo hilo, ila bei yake ni kubwa.

Na ipo faida ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko wepesi: unabadilisha ugumu kwa dakika mbili. Wanaoazimana mashine, wanaobeba mizigo leo na kesho hawabebi, wanaotaka kujaribu ugumu wa aina tano kabla ya kuamua, wote upepo unawaokoa kununua koili tano.

Baridi na mwinuko

Jambo hili limewafanya watu wengi wauze shokapu nzuri wakidhani ni mbovu. Shinikizo la hewa iliyofungwa hushuka na joto. Ukijaza psi 70 kwenye gereji yenye nyuzijoto 20, kisha mashine ikalala nje kwenye nyuzijoto 20 chini ya sifuri, geji itasoma karibu 58. Hakuna kilichovuja. Kwa shinikizo la kiwango hicho, kila nyuzijoto 10 zinazoshuka zinakula karibu psi 3.

Mwinuko unavuta upande wa pili. Kwenye mita 3,000 hewa ya nje ina shinikizo dogo kuliko usawa wa bahari kwa takriban psi 4.5, kwa hiyo geji itapanda kwa kiasi hicho hata kama hukuongeza kitu, na shokapu inakuwa ngumu zaidi kweli, kwani hewa ya nje inayoisukuma pistoni irudi ndani imepungua. Ukitoka gereji ya bondeni ukaenda kwenye baridi ya juu, mawili hayo yanapunguzana, lakini hayalingani.

Kwa hiyo usijaze nyumbani. Fika mahali pa kuanzia, shusha mashine, iache ikae nje mpaka chuma cha shokapu kiwe na baridi ya pale, kisha ndipo ujaze. Namba unayoiandika kwenye daftari iandikwe pamoja na joto la asubuhi hiyo na mwinuko wa mahali. Bila hivyo, "psi 60" ya wiki jana na "psi 60" ya leo ni vitu viwili tofauti.

Hatua ya kwanza: jipime ukiwa umevaa kila kitu

Panda kwenye mizani ukiwa na buti, kofia ngumu, begi la kujikinga na maporomoko ya theluji, sepeto, fimbo ya kupekulia, maji na chakula. Ni rahisi kuongeza kilo 10 hadi 20 juu ya uzito wako wa nyumbani. Kisha ongeza unachofunga kwenye mashine: dumu la akiba, zana, begi la nyuma. Kumbuka pia kwamba lita 40 za petroli ni karibu kilo 30, nazo zinapungua kadiri siku inavyokwenda, wakati barafu inayojikusanya ndani ya fremu ya mkanda inaongezeka.

Namba unayopata ilinganishe na kitabu cha mashine. Watengenezaji wengi huchagua springi za kiwandani kwa dereva wa uzito wa kati. Ukiwa karibu na uzito huo, springi ulizo nazo huenda zinakutosha kabisa na huna haja ya kununua chochote. Ukiwa mbali nao, juu au chini, ama utabadilisha koili, ama upepo unaanza kuwa na mantiki.

Hatua ya pili: jiulize unapitia wapi kwa kweli

Jibu kwa siku unazoendesha, achana na siku unazozitamani. Dereva anayetumia saa mbili kwenye njia yenye matuta kufika mlimani, saa mbili mlimani, na saa mbili kurudi, anatumia muda mwingi kwenye matuta kuliko kwenye theluji laini. Huyo anahitaji springi. Matuta ya mfululizo pia yanapasha shokapu joto. Hewa ikipata joto shinikizo linapanda, na mashine uliyoirekebisha ikiwa baridi inabadilika njiani.

Anayepandisha mashine kwa trela hadi ukingoni mwa theluji laini na kuingia moja kwa moja porini hajali sana matuta. Theluji yenyewe inambeba. Kwake wepesi wa mbele na mwanzo mlaini vina uzito zaidi. Anayeruka miamba na kingo anahitaji ukali wa mwishoni, ambao upepo unampa bure. Kwa springi ataupata pia, lakini kwa koili ngumu zaidi au kwa ukinzani wa mafuta uliopangwa upya na fundi.

Halafu kuna umbali wa msaada. Sili ya shokapu ya upepo ikipasuka, hewa yote inatoka na kona hiyo ya mashine inalala chini. Utarudi, ila polepole, mashine ikivuta upande mmoja, na kwenye mteremko wa ubavu hiyo ni hatari ya kweli. Shokapu ya springi ikivuja mafuta inapoteza ukinzani, mashine itayumba, lakini itasimama kwenye kimo chake na utafika. Anayekwenda mbali akiwa na kundi dogo alizingatie hilo anapoamua.

Hatua ya tatu: amua kona kwa kona

Anza na shokapu ya katikati, maana ndiyo inayoteseka zaidi. Iko ndani ya mkanda, inazikwa na theluji na barafu, inapokea pigo la kila tuta kabla ya nyuma, na valvu yake ni shida kuifikia ukiwa na glavu. Barafu ngumu ikishikamana na silinda inaweza kukwaruza sili. Pia shokapu hii ndiyo inayoamua skii zinabonyeza theluji kiasi gani: ikiwa ngumu, pua inakuwa nyepesi na usukani unapoteza mshiko, ikiwa laini mno, pua inazama na usukani unakuwa mzito. Kitu chenye athari kubwa hivyo sikitaki kibadilike na joto la siku. Weka springi.

Ya nyuma inabeba wewe na mzigo wako wote. Ikiwa laini, ukiongeza mwendo ghafla uzito unahamia nyuma na skii zinanyanyuka. Ikiwa ngumu mno, mashine inakaa bapa na kukutetemesha. Hapa pia ninapendelea springi. Ila dereva mmoja anayebadilisha mizigo sana, leo peke yake na kesho na begi la kulala porini siku mbili, anaweza kutetea upepo na mimi sitabishana naye.

Kwenye skii ndipo uamuzi ulipo wazi kweli. Sili ziko nje, unaziona, unazifuta. Valvu iko mkononi. Wepesi unasikika kwenye usukani. Nyingi za mashine za milimani zimeondolewa chuma cha kuzuia kuyumba ili zilale kirahisi, kwa hiyo shokapu hizo mbili ndizo pekee zinazoshikilia ubavu. Shinikizo lazima lilingane kushoto na kulia. Psi 3 za tofauti hazionekani kwa macho, lakini utazisikia mashine ikikubali kulala upande mmoja na kugoma mwingine. Ukitaka upepo, uweke hapa.

Hatua ya nne: hakikisha zinaingia

Ukinunua shokapu ambazo hazikutengenezwa kwa modeli yako, pima mambo manne kabla ya kutoa pesa: urefu toka katikati ya tundu la bolti la juu hadi la chini shokapu ikiwa imenyooka kabisa, urefu wa safari ya fimbo yake, upana wa vichwa na kipenyo cha bolti, na nafasi ya koili. La mwisho ndilo husahauliwa na anayetoka kwenye upepo kwenda springi. Silinda ya upepo ni nyembamba. Koili ni nene, na inaweza kugusa mkono wa skii au fremu usukani ukigeuzwa hadi mwisho au skii ikipanda juu kabisa. Ondoa koili, funga shokapu tupu, ipandishe na kuishusha skii kwa mkono, na upime nafasi iliyobaki.

Usisahau kwamba mafuta ya ndani hupangwa kulingana na kinachobeba. Kuvua koili za kiwandani na kuweka ngumu zaidi kwa hatua moja ndogo kwa kawaida hakuna shida. Ukiruka hatua kubwa, mpe fundi wa shokapu apange upya vibati vya kurudi, la sivyo springi itakushinda nguvu na kukurusha.

Hatua ya tano: weka kimo sawa

Hii ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko ununuzi wowote, na haigharimu kitu. Unahitaji futi kamba, mwenzako mmoja, na sakafu ngumu iliyo sawa. Jaza tangi.

Nyanyua bampa la nyuma mpaka mkanda unaanza kuning'inia, pima toka sakafu hadi alama moja kwenye bampa, andika. Shusha, panda ukiwa umevaa kila kitu, simama kama unavyosimama unapoendesha, bonyea mara mbili tatu, tulia. Mwenzako apime tena alama ileile. Tofauti ndiyo mbonyeo wako. Gawanya kwa safari nzima ya saspensheni ya nyuma iliyo kwenye kitabu. Mahali pazuri pa kuanzia nyuma ni kati ya robo na theluthi ya safari, isipokuwa kitabu chako kiseme vingine. Fanya vivyo hivyo mbele, ambako mbonyeo huwa mdogo zaidi.

Kwa shokapu za upepo pima mara mbili: mara moja ukijishusha taratibu, mara nyingine ukijibonyeza chini kisha ukiachia. Msuguano wa sili utakupa namba mbili tofauti. Chukua wastani. Namba hizo zikiachana sana, sili zimekauka na zinataka huduma kabla hujarekebisha kitu kingine chochote.

Kwenye springi unarekebisha kwa nati na spana yake. Fungua nati shokapu ikiwa haina uzito juu yake, vinginevyo utaharibu nyuzi. Kwenye upepo unatumia pampu maalumu ya shokapu. Kompresa ya matairi usiiguse: chemba ni ndogo sana, inajaa kupita kiasi kwa sekunde moja, na hewa yake ina unyevu utakaoganda ndani. Ukiunganisha pampu, geji itasoma chini kidogo ya ulivyoacha jana, kwa sababu mpira wa pampu umechukua sehemu ya hewa. Na ukiifungua, mlio unaousikia kwa kawaida ni hewa ya mpira wa pampu, si ya shokapu. Kuchomeka na kuchomoa mara tano ili "kuhakikisha" ndiko kunakoipunguza.

Hatua ya sita: jaribu kwa utaratibu

Tafuta mteremko mmoja na kipande kimoja cha matuta, urudie hapohapo. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, uandike. Sogeza pete ya mpira iliyo kwenye fimbo ya shokapu hadi iguse silinda kabla ya kila mzunguko. Ikiwa haipo, funga kamba ndogo ya plastiki badala yake. Itakuonyesha umetumia safari kiasi gani.

Ikiwa mbonyeo ni sahihi lakini mashine inagonga chini ukitua, usiongeze shinikizo la chemba kuu wala usikaze springi, maana utaharibu kimo ulichokiweka kwa taabu. Ongeza shinikizo la chemba ya pili kwenye upepo, au ukinzani wa kubonyea kwenye shokapu zenye kirekebishi. Zile za FOX zenye QS3 zina kipini cha nafasi tatu, na kukisogeza hakuhitaji zana. Ikiwa kinyume chake pete inabaki nusu ya fimbo siku nzima, hata baada ya kutua vizuri, umejaza kupita kiasi na unaendesha juu ya nusu ya saspensheni uliyoilipia.

Ikiwa skii zinanyanyuka mno kwenye mpando mkali na pua inakutazama, angalia kwanza mshipi wa kikomo, ule unaozuia sehemu ya mbele ya mkanda isishuke mno. Kuufupisha tundu moja kunarudisha uzito kwenye skii. Ni hapo tu, kama haitoshi, uongeze ugumu wa nyuma. Ikiwa mashine inagoma kulala ubavu, legeza mbele pande zote mbili kwa kiasi sawa, psi 3 hadi 5 au mzunguko mmoja au miwili ya nati, ujaribu tena. Ikiwa inalala yenyewe bila kuombwa, fanya kinyume.

Utunzaji, na unachobeba mgongoni

Springi inahitaji kuoshwa, kukaguliwa kama ina nyufa, na kupakwa mafuta kidogo kwenye nyuzi za nati ili zisigande. Shokapu yenyewe, iwe ya springi au ya upepo, ibadilishwe mafuta na kujazwa naitrojeni upya na fundi angalau mara moja kwa msimu ikiwa unaendesha sana. Upepo unaongeza kazi ya tatu: silinda ya nje ifunguliwe, isafishwe, sili zilainishwe kwa mafuta maalumu. Kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe, kwa sharti moja lisilo na mjadala: hewa yote itolewe, chemba zote mbili, na uthibitishe kwa geji kabla ya kulegeza chochote. Silinda iliyobaki na shinikizo hutoka kama risasi. Chemba ya naitrojeni usiifungue kabisa nyumbani.

Ukishuku uvujaji, mwagia maji ya sabuni kwenye valvu na shingo ya silinda ukiwa sehemu yenye joto, utaona mapovu. Ukisafirisha mashine kwa trela, funga skii zenyewe chini na usiibane saspensheni hadi mwisho, kwani sili zitabanwa usiku kucha. Msimu ukiisha acha upepo kidogo ndani ili sili zisijikunje.

Unaponunua shokapu za mkononi, vuta pete juu na upitishe ukucha kwenye fimbo kuanzia juu hadi chini. Mkwaruzo unaoukamata ukucha utakata sili mpya ndani ya muda mfupi, na fimbo mpya ni ghali. Bonyeza shokapu isiyo na koili au hewa kwa mkono: ikirudi yenyewe taratibu, naitrojeni ipo, ikibaki palepale au ikitoa sauti ya maji yanayochuruzika, hesabu gharama ya fundi ndani ya bei.

Na kwenye begi, kwa mwenye upepo mbele: pampu ndogo ya shokapu iliyofungwa ndani ya nguo ili isigande, kofia mbili za akiba za valvu, kifungulio cha moyo wa valvu pamoja na moyo wake mmoja mpya, na kipande cha mkanda wa kufungia mizigo kinachoweza kushikilia mkono wa skii usilale kabisa ikiwa sili itapasuka mbali na barabara. Mwenye springi abebe spana ya nati.